Nina Jambo

Katika lugha yetu ya Kiswahili mtu huulizwa hali yake kwa namna ambayo jibu limekwisha kutiwa kinywani mwake kabla hajavuta pumzi ya kujibu, maana anayeulizwa "Hujambo?" hana njia ya adabu ila kusema "Sijambo," yaani sina neno wala sina lililonisibu, hata kama usiku kucha hakufumba jicho, na hata kama huko atokako ameacha maiti haijazikwa. Wasomali, jirani zetu tangu na tangu, nao wana ada iyo hiyo: huulizana kama pana amani, "Ma nabad baa?", na jibu ni kwamba amani ipo, "Waa nabad," ijapokuwa amani yenyewe iliwatoka nchini mwao zaidi ya miaka thelathini iliyopita. Mimi sizilaumu salamu hizi. Ni sitara, na binadamu hawezi kupita njiani moyo ukiwa uchi. Walakini nimekuja kufahamu, tena kwa kuchelewa, ya kuwa sitara ikishonwa pande zote bila ya kuachiwa mlango huwa gunia.

Aliyenifahamisha ni mwanafunzi wangu. Mwaka 2018 nilikuwa nikifundisha Kiswahili kwa wanawake watu wazima katika kambi ya wakimbizi ya Ifo, kaunti ya Garissa nchini Kenya, chini ya paa la bati lililokuwa likialika kila jua lilipozidi ukali. Na wanafunzi wangu, wengi wao mama wa watoto watano au sita, walikuwa wakija alasiri baada ya kazi za maji na za jikoni, wamejitanda mitandio mizito, wananukia udi na moshi wa kuni kwa pamoja. Somo la kwanza, kama ilivyo kawaida, lilikuwa maamkizi. Nikawauliza mmoja mmoja, nao wakajibu kama walivyofundishwa, hata nikamfikia mama mmoja wa makamo ambaye siku zote alikaa karibu na mlango. Nikamwambia, "Hujambo, mama?" Akanitazama kitambo, kisha akasema polepole, "Nina jambo."

Darasa zima likacheka. Nami nikacheka, nikashika chaki, nikaandika ubaoni "Sijambo" kwa herufi kubwa, nikamtaka alirudie neno lile mara tatu. Akalirudia. Wala siwezi kujitetea kwa sarufi, ambayo ndiyo kazi inayonilisha, kwa kuwa sarufi ilikuwa upande wake: "nina jambo" ni Kiswahili safi, hakina ila ya ngeli wala ya kiambishi. Baada ya wiki mbili akaacha kuja.

Msomaji asiyeijua Ifo na aifikirie hivi. Ni kambi ya kwanza katika kambi za Dadaab, iliyofunguliwa mwaka 1991, mwaka ule ule serikali ya Siad Barre ilipoanguka huko Mogadishu, mahali pa mchanga mwekundu na miiba na korongo wakubwa wasimamao juu ya majalala kama wazee wa baraza, kiasi cha kilomita 100 kutoka mji wa Garissa. Dagahaley na Hagadera zikafuata mwaka 1992, na zote tatu zilikusudiwa watu 90,000, kwa muda. Hilo "kwa muda" ndilo neno la kutazamwa. Mwaka 2011, ukame na njaa vilipoikamata Somalia, idadi ya watu ilipita 400,000. Na leo wamo humo wanawake waliozaliwa kambini, wakaolewa kambini, wakazaa kambini, na bado makao yao huitwa ya muda. Tarehe 6 Mei 2016 serikali ya Kenya ikatangaza kuzifunga kambi. Februari 2017 Jaji John Mativo wa Mahakama Kuu akaamua kwamba kuzifunga namna ile ni kinyume cha Katiba. Mwaka 2021 likaja agizo jingine la kufunga. Na mwaka 2025 ukazinduliwa Mpango wa Shirika, unaokusudia kuzigeuza kambi ziwe miji ya wenyeji na wageni pamoja. Mwanamume aghalabu huzisikia habari hizi hotelini, mbele ya chai ya maziwa, akazijadili na wenziwe mpaka zikapoa. Mwanamke huzisikia akiviringisha mtungi wa maji kwa wayo wa mguu kuelekea nyumbani, na swali lake si la siasa hata kidogo: je, mwaka huu niupande ule mche wa mwarobaini mbele ya mlango, au nisiupande?

Kungoja kwa namna hii ni maradhi, na watu wa Dadaab wamekwisha kuyapa jina. Wayaita buufis. Mtaalamu Cindy Horst, aliyefanya uchunguzi wake huko na kuutolea kitabu mwaka 2006, ameeleza kwamba neno hilo limetokana na kupuliza, kujaza kitu pumzi. Ni hamu ya kuhamia ng'ambo inayomjaza mtu mpaka pasibaki ndani yake nafasi ya kitu kingine, na jina lilo hilo hutumika kwa hamu yenyewe, kwa mtu aliye nayo, na pengine kwa wazimu unaompata hamu hiyo inapovunjwa. Sisi tunaosema Kiswahili tusijione tumeepukana na neno hili. "Hamu" yetu kwa Kiarabu ilikotoka ni sumbuko la moyo, ni wasiwasi. Sisi tukaichukua, tukaifanya shauku, tukaitia hata katika mambo ya pilau. Kumbe maradhi na tumaini yamelala kitanda kimoja tangu zamani, na wanawake wa Ifo hawakuzua jipya.

Nilimwendea yule mama nyumbani kwake. Ndani ya ua wa miiba palikuwa na vyumba viwili vya matope na bati, na juu ya kitanda, mahali ambapo kwa desturi huwekwa mito, palikuwa na sanduku la safari la magurudumu, rangi ya buluu, ambalo mpini wake ulikuwa bado umevikwa nailoni ya dukani. Alilinunua katika soko la Ifo liitwalo Bosnia, baada ya jamaa yake kuhojiwa na kupimwa afya kwa safari ya Marekani. Kisha tarehe 27 Januari 2017 Rais Donald Trump akatia saini amri ya kuwazuia watu wa nchi kadhaa, Somalia ikiwa mojawapo, na Wasomali wapatao 140 waliokuwa wamekwisha kufikishwa Nairobi tayari kuruka wakarudishwa Dadaab kwa mabasi. Yeye hakuwa miongoni mwao. Basi lenyewe hakulipanda. Ila kila Ijumaa, baada ya sala ya adhuhuri, alikuwa akilifungua sanduku lile, akatoa vilivyomo, akavianika kidogo, akavikunja upya na kuvirudisha: nguo ya arusi ya binti yake, picha mbili, na sweta tatu za watoto, kwa sababu walikuwa wameambiwa huko kuna baridi. Akanionyesha moja. Mkono wa sweta haukumfika mwenyewe hata kiwikoni, na alikuwa amesimama pale, mtoto wa kiume wa miaka kumi, akicheka.

Hakuwa mwendawazimu. Anjera yake aliipika kabla ya jua kutoka, watoto aliwaosha, sala zake tano alizisali kwa wakati wake. Ila hakulala, na akilala, aliamka kabla ya adhana moyo ukimwenda mbio kama wa mtu anayekimbizwa, na chakula, aliniambia, kilikuwa kinywani mwake kama karatasi. Jirani zake walijua. Mmoja alimletea maji yaliyosomewa, mwingine akamwambia ni jini, na wote wakamaliza kwa kumwusia subira.

Hapa ndipo nipendapo kusimama, maana nina ugomvi na subira. Si subira yenyewe, ambayo ni fadhila kubwa, bali ile tunayowakatia wanawake kama sare ya shule, kila mmoja na yake, bila ya kupima mwili. Mwanamume akilemewa huambiwa apumzike, au asafiri, au hata aoe. Mwanamke akilemewa huambiwa asubiri, na akisubiri husifiwa, na sifa hiyo ndiyo kufuli. Tena husemwa kwake, kwa sauti ya chini, ya kuwa huzuni iliyozidi ni upungufu wa imani. Na anayesema hivyo aghalabu ni mtu aliyesoma, anayejua kwamba Nabii Yaakub alimlilia mwanawe mpaka macho yake yakawa meupe, na hakuna aliyemfuta katika daftari la wenye subira njema. Anajua kadhalika kwamba Mtume mwenyewe aliomba dua ya kukingwa na hamu na huzuni, na mtu haombi kinga ya kitu ambacho ni aibu kuwa nacho. Basi kwa nini mkanda wa subira ukazwe kiunoni mwa mwanamke peke yake?

Nasema haya nami nikiwa nimekwisha kuvaa mkanda huo. Nilipojifungua mtoto wangu wa pili, kwetu pwani, nilifanyiwa yote yafanywayo: nilikandwa kwa maji ya moto, nilifungwa tumbo, nililetewa uji wa pilipili manga, na arubaini yangu ikaanza kwa heshima. Siku ya kumi na nne nilisimama juu ya kitanda cha mtoto nikamtazama kama nimtazamavyo mtoto wa jirani aliyesahauliwa kwangu. Sikumchukia, sikuwa na kitu chochote moyoni, wala pa kuchukia wala pa kupenda, kama nyumba iliyohamwa. Kila aliyeingia aliniuliza, "Hujambo, mzazi?" nami, mwalimu wa maamkizi, nikajibu vizuri. Zahanati nilikokwenda, ambayo sina haja ya kuitaja, waliuliza uzito wa mtoto, maziwa yangu na mshono wangu, wakayaandika yote katika kitabu cha kliniki, na katika kitabu kile hapakuwa na mstari ambao ningeweza kuandikwa mimi. Aliyeniona ni shangazi yangu, mwanamke asiyepata kukaa darasani hata siku moja. Hakuniuliza kitu. Alimchukua mtoto, akaniwekea sahani ya wali na mchuzi wa papa, akasema, "Kula, mwanangu, kisha ulale, atakayekuja nitamjibu mimi." Akakaa mlangoni siku tatu. Ndipo nikapata nguvu ya kwenda kwa daktari, na dawa nilizitumia miezi saba, wala sizionei haya kuliko dawa za malaria.

Nimeyakumbuka ya shangazi kila nilipoisoma sura ya Maryamu. Huyu ni mwanamke ambaye Waislamu na Wakristo wote humheshimu, na Kurani inamweleza akiwa peke yake, chini ya shina la mtende, uchungu umemshika, akitamani laiti angelikwisha kufa kabla ya siku ile na kusahaulika kabisa. Ni neno zito, nami nimelisikia kwa masikio yangu Ifo, kutoka kwa wanawake wasiojua kuwa Maryamu aliwatangulia kulisema. Na lililonishangaza ni jinsi alivyojibiwa. Hakukaripiwa. Aliambiwa asihuzunike, na papo hapo akaonyeshwa kijito cha maji chini yake na tende mbivu juu yake; kisha, likiwa la mwisho, akapewa ruhusa ya kutosema na mtu siku ile. Maji, chakula, na mlango wa kufungwa. Shangazi yangu, ambaye hakupata kuisoma tafsiri yoyote, alifuata utaratibu ule ule.

Sasa uutazame huo utaratibu kutoka Ifo. Wanawake wa Kisomali nao wana arubaini yao, wanaiita afartan, na mzazi kwa mila hukaa ndani, hahangaishwi, mpaka siku ya kutoka ifanyiwe karamu ndogo na ubani. Kambini, karamu aghalabu hubaki na siku zenyewe hupunguka, maana maji yana saa zake bombani, na posho ina tarehe yake, na tangu mwaka 2013 mwenye kadi hutambuliwa kwa alama za vidole, kiasi kwamba asiye na mtu aliyeandikishwa wa kwenda kwa niaba yake hujikokota mwenyewe na kidole chake. Nimeona wazazi wachanga penye foleni, wameegemea mitungi. Mitungi yenyewe hupangwa tangu usiku, kila mmoja umefungwa kitambaa cha rangi ya mwenyewe ili usipotee, na ukiitazama alfajiri, ile safu ndefu ya manjano yenye vitambaa shingoni, utadhani ni wanawake wenyewe wamekaa chini wakachoka.

Habari ya kuni ndiyo inayonifundisha zaidi. Katika miaka ya 1990 wanawake wa kambi hizi walikuwa wakivamiwa na kunajisiwa na majambazi waendapo porini kutafuta kuni, na mwaka 1998 ukaanzishwa mradi wa kuwagawia kuni ili wasiende mbali. Ulisaidia, zilipogawiwa kuni za kutosha, waliobakwa wakitafuta kuni walipungua. Ila waliochunguza walikuta pia kwamba ubakaji wa mahali pengine ulikuwa umezidi. Mtu aliyedhani kuwa ubaya unakaa porini alipaswa kufikiri tena. Na kwa fikra yangu hivi ndivyo ilivyo hata kwa maradhi ya moyo: ukimwondolea mwanamke mzigo mmoja na kuyaacha yote mengine kama yalivyo, mzigo hubadili bega, nasi tukaandika kwamba tumeuondoa.

Wako wanaouliza, tena kwa nia njema, kama mwenye njaa ana wasaa wa kuugua moyo. Mwaka 2025 posho ya kambi ilipunguzwa hata ikawa chini ya thuluthi ya kiwango kamili, na katika hali hiyo kuzungumza habari za nafsi huonekana anasa ya mjini. Nami nasema swali limekaa kichwa chini. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2019 kwamba katika nchi zilizopitiwa na vita, zaidi ya mtu mmoja katika kila watano ana maradhi ya akili ya namna fulani, kutoka sonona na wahaka mpaka yale mazito zaidi. Na anayegawa unga huo kidogo asubuhi na kuugawa tena jioni, anayejua ni mtoto gani leo atadanganywa kwa chai, ni mama. Hesabu hiyo hufanywa kwa akili, si kwa kibaba, na akili nayo huchakaa kama ukingo wa ndoo.

Zipo zahanati kambini, wapo washauri nasaha, na miongoni mwao nimekutana na watu wenye huruma kuliko mishahara yao. Linalonitia shaka ni sikio la ofisi. Kuhamishiwa nchi ya tatu kuna milango yake, na mojawapo ni wa wanawake walio hatarini, kwa hiyo mwanamke hujifunza mapema kwamba kisa chenye damu huandikwa kurasa nne na kisa cha uchovu hakimalizi mstari. Simshitaki mtu kwa uongo. Nashitaki sikio lililomfundisha mwanamke kutafuta jeraha lake kubwa kuliko yote, alishike mkononi kama kadi ya posho, alionyeshe kwa huyu na kwa yule na kwa mkalimani aliye mtoto wa jirani yake, na ambalo halina habari na sweta tatu zilizopitwa na watoto.

Nchi yenyewe, kwa haki, imeanza kugeuza shingo. Hospitali ya Mathari jijini Nairobi, iliyoanza mwaka 1910 wakati wagonjwa wa akili walikuwa watu wa kufichwa, ingali kilomita 370 hivi kutoka Garissa, na mkimbizi hatoki kambini bila ya kibali. Lakini mwaka 2020 jopo lililoongozwa na Dakta Frank Njenga lilishauri maradhi ya akili yatangazwe kuwa janga la taifa, sheria ikarekebishwa mwaka 2022, na Januari 2025 Jaji Lawrence Mugambi akaamua kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichomfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, ni kinyume cha Katiba. Mpaka siku hiyo mwanamke aliyetamani alichotamani Maryamu, akakijaribu na kuokolewa, angeweza kuamkia kituo cha polisi. Nawaomba masheikh wetu waisome hukumu ile kwa utulivu. Sina ugomvi na maji yaliyosomewa. Mimi mwenyewe nimeyanywa. Nataka tu anayeyasoma, akimwona mgonjwa halali wala hali mwezi wa pili, amwambie kwa kinywa kile kile kinachoaminiwa kwamba dawa ya hospitali nayo imeumbwa na Mola, na amtafutie wa kumpeleka.

Mwishoni mwa mwaka jana nilirudi Ifo kwa siku mbili. Mche wa mwarobaini ulikuwa umepandwa na umekwisha kupita urefu wa mlango. Sanduku la buluu lilikuwa nje, chini ya kivuli chake, limelazwa chali na kufunguliwa, limekuwa genge: upande mmoja sukari iliyopimwa katika vifuko na majani ya chai, upande wa pili sabuni za vipande na viberiti; mpini ulitumika kutundikia vitunguu. Alikuwa akitumia dawa, aliniambia, na alikuwa na siku nzuri na siku mbaya, na jina lao lilikuwa bado halijafutwa wala halijaitwa. Wanawake wa lile darasa langu, nilikuja kugundua, waliligeuza kosa langu kuwa mzaha wao: wakikutana bombani hawaulizani kama hawajambo. Mmoja alipita na punda wake akapaza sauti, "Una jambo?" na mwenzake wa genge akajibu bila ya kuinua macho, "Ninalo!"

Nikamwuliza nami, kwa adabu iyo hiyo mpya, kama ana jambo. Akasema analo, tena si moja: mbuzi wa jirani amekula kipande kizima cha sabuni na mwenyewe anakataa kulipa, mtungi mkubwa umetoboka chini, binti yake amekataa shule tangu Jumatatu na hataki kusema kwa nini, na usiku wa kuamkia leo hakulala. Akaupindua mtungi mtupu, ule uliotoboka, akaupangusa vumbi kwa ncha ya mtandio, akanisogezea niukalie.